Nani Anayezuia Ndoa?

Kuna wimbo mmoja ambao sisi watu wazima hatuchoki kuuimba. Simameni mbele ya kanisa lolote baada ya Misa, mtausikia. "Vijana wa leo hawataki ndoa! Msichana anahamia kwa kijana usiku, mfuko wake mkononi, na asubuhi anafagia kiwanja kama bibi wa nyumba." Wenzetu wa Kinshasa wamelipa jambo hilo jina la Kilingala, yaka tofanda, maana yake njoo tukae. Watu wanakaa, watoto wanazaliwa, wa kwanza, wa pili, wa nne. Baba na mama wanakuja Misa kila Jumapili, na wakati wa komunyo wanabaki wamekaa kwenye benchi, wakitazama viatu vyao.

Wazee wanasema kweli, jambo hilo lipo. Lakini tukiuliza sababu, wanajibu upesi mno: sinema, simu, mavazi mafupi, shetani. Sisi hatumtetei shetani. Anao mawakili wa kutosha. Tunaomba tu kwamba kwa leo tumwache kidogo, tukatazame kitu kingine, kitu kilichoandikwa kwa mkono mzuri juu ya karatasi ya daftari, na kutiwa ndani ya bahasha. Tunasema habari ya orodha ya wakwe.

Yeyote aliyepeleka posa anaijua orodha hiyo. Kwanza fedha, nazo si faranga zetu bali dola, maana inaonekana mababu zetu walihesabu kwa dola. Kisha mbuzi. Kisha makasha ya bia, na makasha ya limonadi kwa wale wasiokunywa bia, ambao siku ile hawaonekani. Koti na suruali za baba, pamoja na viatu na kofia. Vikwembe vya mama, vya waksi ya Uholanzi, wala si vya mahali pengine. Blanketi ya nyanya. Bidoni la mafuta, mfuko wa chumvi, mfuko wa mchele. Panga na jembe kwa mjomba, ambaye ni karani na hajashika jembe tangu alipotoka shule ya msingi. Na chini kabisa, pale ambapo kijana alifikiri amefika mwisho, mashini ya umeme na simu ya kisasa.

"Ndiyo desturi ya mababu zetu," anasema mjomba, akikunja karatasi.

Hapo, wasomaji, tunaomba ruhusa ya kucheka. Vile vikwembe vya Uholanzi vinatoka kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, nacho kiliiga vitambaa vya watu wa Java, huko Asia. Mababu gani hao, wa Helmond au wa Java? Na mashini ya umeme, babu aliifunga kwenye taa gani?

Desturi halisi tunaijua, au tungeweza kuijua kama tungewauliza wazee kabla hawajafa. Kwa Bashi wa Kivu ng'ombe walikuwa ndio mali ya ndoa. Lakini ng'ombe hao hawakutoka mfukoni mwa kijana, kwa sababu kijana hakuwa na mfuko. Walitoka kwa baba yake na ndugu zake, na mara nyingi ng'ombe aliyeingia kwa ajili ya dada ndiye aliyetoka kwa ajili ya kaka. Mali ilizunguka. Leo kwangu, kesho kwako. Wala haikulipwa siku moja kama mtu anayenunua baiskeli dukani. Sehemu ilitolewa, sehemu ilibaki, na ile iliyobaki ilikuwa kamba ya kuwafunga wakwe wa pande mbili wazidi kutembeleana. Kwa Wabemba wa Katanga mambo yalikuwa namna nyingine tena: kijana alikwenda kukaa kwa wakwe zake, akalima shamba lao, akawajengea, nao wakamtazama kwa muda. Zawadi zilikuwa ndogo. Walitaka kujua mikono yake, si mfuko wake. Baba mkwe wa namna hiyo alimjua mkwewe kuliko wengi wetu wanavyowajua wakwe zao, ambao tumewaona mara mbili tu, na mara zote mbili tulikuwa tukihesabu.

Basi ni nini kilichobadili mambo? Mshahara. Watu walipokwenda kwenye migodi ya shaba na kwenye reli, fedha ikawa mikononi mwa kijana mwenyewe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière yenyewe ilitaka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na wake zao, badala ya kuja miezi michache na kurudi kijijini. Kijana mwenye mshahara alihitaji mke, na baba mwenye binti aliisikia harufu ya mshahara. Ng'ombe akageuka faranga. Tena ng'ombe anazaa, lakini faranga ikiingia inaliwa. Kaka wa bibi arusi anapotaka kuoa, anaambiwa, "Mali ya dada yako? Tulipaka nayo nyumba rangi." Naye anakwenda kuitafuta peke yake. Hapo mzunguko wa mababu umekatika, lakini jina la desturi limebaki, kama kibao cha duka ambalo mwenyewe alihama zamani.

Msituelewe vibaya. Hatusemi mali iondolewe. Kijana anayechukua mke bila kutoa kitu, bila kuwasalimu wazazi wake, bila kupiga magoti mbele ya mtu, huyo tunamwita mwizi, na tutazidi kumwita hivyo. Mali ni heshima kwa mama aliyebeba mimba. Ni ushuhuda mbele ya watu. Hata serikali inaitambua. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inataka mali itolewe kabla ya ndoa kufungwa. Lakini kuna maneno katika sheria hiyo ambayo wajomba hawayasomi kwa sauti: inatosha mali iwe imetolewa sehemu tu, tena, hata kama desturi yasema mengine, mali inaweza kuwa alama tu, kitu chenye thamani ndogo. Mwaka 2021 mbunge mmoja alileta pendekezo kwamba mali isipite dola 500 mjini na dola 200 kijijini. Watu walicheka sana. Wengine walisema serikali inataka kuwauza binti zao kwa bei rahisi. Tazameni jinsi ulimi unavyomsaliti mwenyewe! Asiyeuza hakasiriki akitajiwa bei.

Wengine watatujibu: "Lakini binti yangu nimemsomesha. Nimelipa shule miaka kumi na miwili, na chuo juu yake. Nani atanirudishia?" Jibu hilo tumelisikia hata kwa wakristu wazuri, walioshika rozari mkononi. Basi, baba, ulikuwa ukimkopesha mtoto, hukuwa ukimlea. Na mwanao wa kiume, uliyemsomesha vilevile, utamtoza nani?

Tena baba huyo hafikiri neno ambalo mkwe wake atalisema mwaka wa tatu wa ndoa, siku chakula kitakapochelewa. Atasema, "Nilikununua." Tumelisikia neno hilo kupitia ukuta wa jirani, nanyi mmelisikia. Mtu aliyelipa kila kitu mpaka mashini ya umeme anaona amenunua kitu, na kitu kinaweza kupigwa. Mke akikimbilia kwa wazazi na jicho lililovimba, wazazi wanamtazama, wanatazamana wao kwa wao, na usiku wanazungumza kwa sauti ndogo: mbuzi zimekwisha liwa, fedha imekwisha kwisha, tutarudisha nini? Asubuhi wanamwambia, "Mwanangu, ndoa ni uvumilivu. Rudi." Uvumilivu huo tunaufahamu. Mwanzo wake ni kwamba hakuna fedha ya kurudisha.

Sasa tumtwae kijana fulani, fundi wa kujenga. Anapata kazi miezi mitatu, anakaa bure miezi miwili. Anampenda msichana, naye anampenda. Amepewa orodha. Anahesabu usiku kwa mshumaa na kuona kwamba akiacha kula, kuvaa na kuugua, ataoa baada ya miaka sita. Msichana naye anahesabu: baada ya miaka sita nitakuwa na umri gani? Mnajua watakachofanya. Wala hawafanyi hivyo kwa kuwa wanaichukia Sakramenti. Walisimama mlangoni na kuambiwa bei ya kuingia, wakapita dirishani. Nasi tuliokaa mlangoni na daftari ndio wa kwanza kupiga kelele, "Wezi! Wamepita dirishani!"

Na tuseme kijana wetu amepata. Amekopa, ameuza kiwanja kidogo alichoachiwa na baba, amemaliza orodha. Je, sasa anaoa? Bado. Kuna arusi.

Arusi, wasomaji, ni mnyama mwingine. Inataka kamati, yenye mwenyekiti, mweka hazina na washauri ambao hawajawahi kushauri lolote isipokuwa kuongeza. Kamati inatuma mialiko yenye bahasha ya kurudisha fedha, hata mtu anayepokea mwaliko anashtuka kama aliyepokea barua ya kodi. Ukumbi, na msururu wa motokari zinazopiga honi mpaka wagonjwa wanaamka. Keki ya ghorofa tano, ambayo ghorofa tatu ni za karatasi. Wasichana wa kusindikiza wenye mavazi ya rangi moja, mapiga picha wawili, mwenye muziki mmoja. Watu mia tatu, ambao mia moja hawajui jina la bwana arusi. Wanakula, wanasema nyama ilikuwa ngumu, wanakwenda. Jumatatu bwana arusi anaamka kwenye nyumba ya kupanga, na mtu wa kwanza kubisha hodi ni mwenye viti.

Na nguo nyeupe! Kuna ndoa tunazozijua ambazo zimekawia mwaka mzima kwa sababu ya nguo nyeupe. Watu wanadhani Mtakatifu Petro ndiye aliyeiagiza. Nguo hiyo ilipata sifa kwa Victoria, malkia wa Uingereza, alipoivaa siku ya ndoa yake mwaka 1840, na mabibi wa Ulaya wakamwiga, na sisi tukawaiga mabibi wa Ulaya. Malkia Victoria alikuwa na fedha. Kanisa halikuagiza nguo hiyo, wala keki, wala motokari. Kanisa linataka nini? Linataka mume na mke wasiokuwa na kizuizi, wanaokubaliana kwa hiari yao mbele ya padri na mashahidi wawili. Kukubaliana huko ndiko kunakofanya ndoa, na hakuna mjomba duniani anayeweza kukutoa kwa niaba yao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaongeza jambo jingine, na hapa tunawaomba hata wanakamati wa parokia wasikilize: maskini asinyimwe sakramenti kwa ajili ya umaskini wake. Ndivyo inavyosema kanuni ya 848. Kwa hiyo mahali ambapo wachumba wanaulizwa kwanza fedha ya maua, ya kwaya na ya mazulia kabla ya kuulizwa kama wanapendana, hapo nasi tumeandika orodha yetu, tofauti ni kwamba yetu ina muhuri.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya mapendo katika jamaa, aliwaonya wachumba juu ya mialiko, mavazi na karamu zinazomaliza fedha na nguvu zao, na furaha yao pia. Mtu atasema, "Lakini Yezu mwenyewe alikwenda kwenye karamu ya arusi Kana." Kweli alikwenda. Na divai iliwaishia, maana yake walikuwa watu kama sisi. Lakini hatusomi kwamba mwenye karamu alikuwa amekopa mitungi.

Tusiwapake vijana asali, nao wana wazimu wao. Wengine wangeweza kuoa kesho kwa mbuzi wawili na neno zuri, lakini hawataki, kwa sababu rafiki yao fulani alioa katika ukumbi mkubwa, na picha zilionekana katika kila simu ya mtaa. Kijana anamchagua msichana kwa picha iliyosafishwa na mashini mpaka mama mzazi hawezi kumtambua. Msichana anamchagua kijana kwa viatu, bila kuuliza ni vya nani. Wanaandikiana usiku kucha "mapendo yangu", "moyo wangu", "pumzi yangu", na siku padri anapowauliza katika mafundisho watakaa wapi, watakula nini, na nani atashika fedha ya nyumba, wanatazamana kama watu waliokutana kituo cha gari. Hapo tunakumbuka Padri Placide Tempels, yule Mfransisko, ambaye katika miaka ya 1950 kule Kolwezi alikaa na wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao, wakazungumza juu ya mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Chama cha Jamaa kilitoka hapo. Mabishano yaliyofuata ni habari nyingine. Tunakumbuka tu kwamba watu wa kambi, wenye mshahara mdogo na vumbi la shaba mavazini, waliona inafaa mume na mke wakae wazungumze juu ya mapendo kama watu wawili wenye akili.

Lakini kicheko kina mwisho, na mwisho wake ni matangani.

Yule fundi wetu na yule msichana waliokaa bila ndoa: mke anafariki katika kuzaa. Maiti iko nyumbani, watoto wanalia. Wanakuja wajomba. Hawakuja walipozaliwa watoto. Leo wamekuja, na wanayo ile karatasi. "Mali yetu iko wapi? Hamtamzika mtoto wetu mpaka mmemaliza." Mume, ambaye ameomba sanduku la maiti kwa mkopo, anazunguka mtaani kutafuta fedha ya kumwoa mtu aliyekufa. Msituambie mambo haya hayapo. Wengi wenu mmesimama katika kiwanja cha namna hiyo, mkangoja mpaka jioni, kaburi likiwa wazi.

Au anakufa mume. Ndugu zake wanakuja siku ya tatu na kuchukua godoro, meza, vyombo vya kazi, na kumwambia mwanamke, "Wewe ni nani hapa?" Mke aliyefunga ndoa anaweza kwenda mbele ya hakimu, kwa sababu ile sheria ya 1987 inamhesabu mjane kati ya warithi na kumpa haki ya kubaki katika nyumba. Huyu anakwenda na nini? Hana hati, hana ndoa ya serikali, hana ndoa ya Kanisa. Ana watoto wanne na miaka kumi na miwili ya kupika. Baba yake, aliyekataa mbuzi wawili kwa sababu alitaka mbuzi wanane na simu, anampokea nyumbani pamoja na watoto, na analisha vinywa vitano. Hesabu hiyo haimo katika orodha.

Katika parokia nyingi mapadri wameanza kufungisha ndoa za watu wengi katika Misa moja, jozi kumi, jozi ishirini, wengine wakiwa na wajukuu waliokaa nyuma yao. Kuna watu wanaocheka. Wanasema ni ndoa za maskini, hazina ukumbi. Ni kweli, hazina ukumbi. Zina bibi wa miaka hamsini aliyevaa kikwembe chake safi cha kila sikukuu, anayekwenda kupokea komunyo baada ya miaka thelathini, akitembea polepole kwa sababu anaogopa kuanguka. Tumeona wajomba wakilia katika Misa hizo, walewale wenye karatasi.

Basi, baba unayesoma ukurasa huu, na wewe mama, na hasa wewe mjomba: ikiwa kuna kijana anayengoja jibu lenu, itoeni bahasha sandukuni leo jioni. Isomeni kwa sauti, mbele ya binti mwenyewe, kitu kimoja kimoja. Anzeni na mashini ya umeme.